Plastiki ya Muhogo: Somo la Vitendo kwa Darasa la Sita

Walimu wanafunzi wengi, wafundishapo habari za vitu viozavyo na visivyooza, huandika orodha mbili ubaoni, watoto wakazinakili, na somo likawa limekwisha. Watoto hutoka wakijua kwamba plastiki haiozi upesi, lakini hawajui kwa nini. Katika makala haya tunapendekeza somo la vitendo ambalo litawapa watoto sababu hiyo mikononi mwao.

Maarifa ya mwalimu

Plastiki nyingi za dukani hutokana na mafuta na gesi vichimbwavyo ardhini. Molekuli zake ni minyororo mirefu ambayo vijidudu vya udongoni haviwezi kuikata kwa urahisi. Kwa sababu ya taka hizo, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019.

Wanga nao ni minyororo mirefu, iliyoungwa kwa glukosi. Lakini huo ni chakula cha vijidudu kama ulivyo chakula chetu. Ukipashwa moto majini, chembe zake huvimba na kupasuka, na minyororo ikaachana. Maji yakikauka, minyororo hushikana tena ikawa utando. Siki husaidia kuikata minyororo yenye matawi. Gliserini hukaa kati ya minyororo ikaiwezesha kuteleza. Pasipo gliserini utando huvunjika kama kigae.

Wazo hili si geni. Mwaka 1899 Wilhelm Krische na Adolf Spitteler walipata hataza ya plastiki itokanayo na maziwa, ambayo ilitumika sana kutengenezea vifungo vya nguo.

Matayarisho

Siku moja kabla ya somo, menya muhogo mtamu, uparuze kwa kibati kilichotobolewa kwa misumari, uchanganye na maji, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Wanga ukituama, mwaga maji, uanike. Usitumie muhogo mchungu, maana una sumu nyingi zaidi. Wala mtoto asionje chochote katika somo hili.

Hatua za somo

1. Gawa darasa katika vikundi vitatu. Kila kikundi kichanganye kijiko 1 cha mezani cha wanga, vijiko 4 vya maji, na kijiko 1 cha chai cha siki.

2. Kikundi cha kwanza kisitie gliserini. Cha pili kitie kijiko 1 cha chai. Cha tatu kitie kiasi hicho hicho, pamoja na nyuzi fupi za katani.

3. Mwalimu mwenyewe asimamie moto. Uji ukorogwe kwa moto mdogo hadi uwe mzito na wa kung'aa, kisha utandazwe juu ya sinia na kuanikwa kwa siku mbili au tatu. Kila kikundi kitie alama yake.

4. Utando ukikauka, watoto waukunje, wauvute, waloweke kipande kimoja majini na kufukia kingine udongoni pamoja na kipande cha plastiki ya dukani. Matokeo yote yaandikwe.

Onyo kwa mwalimu

Tulipolijaribu somo hili kwa mara ya kwanza, mvua ilinyesha na utando mmoja ukaota ukungu. Tuliogopa kuonekana tumeshindwa. Usiku tukatengeneza mwingine, tukauleta darasani pasipo kusema neno. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona huu hauna alama yetu?" Tuliona haya. Tuliurudisha ule wa ukungu mezani, tukakiri tulilotenda, kisha tukauliza ukungu ule ulikuwa unakula nini. Baada ya kunong'onezana kidogo, watoto wakajibu: wanga. Hapo ndipo walipoelewa maana ya kuoza, na kwa nini mfuko wa dukani hauoti ukungu wa namna hiyo. Utando tuliotaka kuuficha ndio uliofundisha.

Basi, mwalimu asibadili matokeo ili yafanane na kitabu. Utando wa kwanza utapasuka. Wa pili utakunjika. Wa tatu utakuwa mgumu kuchanika, lakini wote hulainika majini. Watoto waambiwe wazi kwamba hatujapata ndoo wala mfuko wa kubebea samaki. Kisha waulizwe: ni vitu gani vinavyohitajiwa kwa muda mfupi tu, mahali pakavu?

Swali jingine halina budi kuulizwa: je, ni haki kufanya plastiki kwa chakula mahali ambapo kuna wenye njaa? Mwalimu asilijibu yeye. Awaachie watoto wajadiliane, na awakumbushe mabaki ya shambani ambayo hayaliwi na watu.

Tathmini

Mtoto asipewe alama kwa uzuri wa utando wake, bali kwa ukweli wa maandishi yake na sababu anazotoa.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Kwa nini vikundi vyote hupewa kiasi kile kile cha wanga, maji na siki?

2. Andaa somo kama hili kwa zao lingine lenye wanga lipatikanalo kwenu.

3. Eleza utakavyowajibu watoto endapo hakuna utando hata mmoja uliokauka.