Ramani ya Bahari na Kazi ya Mvuvi

Wavuvi wa Likoni, Mtongwe na Kisauni wana ramani yao isiyoandikwa karatasini. Nahodha mzee akitaka kulipata tena jabali lenye changu na chewa huitazama nchi kavu. Taa ya Ras Serani ikikaa sawasawa na jengo fulani, na mnazi mrefu ukiangukia pengo la mwamba upande wa pili, hapo hutia nanga. Hiyo ni elimu ya kweli, maana mistari miwili ikikutana huonyesha mahali pamoja tu. Lakini mnazi hukatwa, jengo jipya hulifunika la zamani, na mzee hufariki bila kumwonyesha mtu. Tena samaki wa ndani ya mwamba wamepungua, na vijana wanalazimika kutoka nje, ambako alama za nchi kavu huonekana kwa shida. Hapo ndipo ramani ya bahari ifaapo.

Ramani hiyo haionyeshi samaki. Yaonyesha sakafu ya bahari. Pwani hii ilipimwa na manowari za Uingereza za Kapteni Owen katika miaka ya 1820, na jina la Port Reitz, huko Changamwe, ni la luteni wake Reitz aliyefariki mwaka 1824. Mabaharia wa siku zile walishusha bildi, nayo ilipakwa mafuta mazito chini yake ili ipande na chembe za mchanga au tope. Kwa hiyo waliandika kina, na wakaandika pia kilichopo chini. Wenyeji walikwisha kufanya kazi hiyo kabla yao: jina la Kilindini lenyewe lasema kwamba maji pale ni kilindi.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni ukubwa wa kipimo. Ramani ya kipimo cha 1:300,000 humfaa nahodha wa jahazi aendaye Lamu, kwa kuwa huonyesha pwani ndefu. Lakini ndani yake milimita moja ni mita 300, na ncha ya kalamu ya risasi peke yake hulifunika jabali zima. Mvuvi wa mshipi ataka ramani ya mahali padogo, yenye tarakimu nyingi. Ile ya Admiralty namba 666, kwa mfano, ni ya bandari ya Mombasa pamoja na Kilindini na Port Reitz. Atokaye nje ya mwamba hana budi kuwa nayo, na ile ya pwani pia.

Jambo la pili limewapotosha wengi. Ramani za zamani zahesabu kwa pima na futi, na za sasa kwa mita. Pima moja ni futi 6, yaani karibu mita 1.83. Mtu akiona 20 kwenye ramani ya pima, akakata mshipi wa mita 20, ndoana yake itaning'inia juu, kwa kuwa chini ni karibu mita 37. Akikosea kinyume chake hatari ni kubwa zaidi: aonapo 2 akadhani ni pima, kumbe ni mita, atapitisha chombo juu ya jiwe. Kipimo huandikwa chini ya jina la ramani. Kisomwe kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha itazamwe tarehe. Mlango wa Kilindini ulichimbwa na kuongezwa kina hadi mita 15, kazi iliyomalizika mwaka 2012, na gati jipya la mafuta la Kipevu, lililojengwa katikati ya maji, lilifunguliwa mwaka 2022. Ramani ya zamani haina habari hizo. Itazamwe pia nafasi nyeupe isiyo na tarakimu. Hiyo si ishara ya maji mengi. Maana yake ni kwamba hapakupimwa.

Sasa mvuvi atafute mahali pa kuvua. Herufi ndogo kando ya tarakimu ni za sakafu: S ni mchanga, M ni tope, R ni jabali, Co ni matumbawe. Penye R moja katikati ya M nyingi pafaa kujaribiwa, maana samaki wa jabali hukusanyika kwenye maficho. Mistari inayounga vina vilivyo sawa nayo yaeleza mengi. Ikiachana, sakafu yashuka polepole. Ikibanana, pana genge. Mbele ya Mombasa genge hilo liko karibu, kwani bahari hufikia mita 200 katika maili chache tu kutoka mwambani. Ukingoni mwake hupita nguru, kolekole na jodari.

Tarakimu za kina zahesabiwa tangu maji yakipwa kabisa. Ramani ikisema mita 2, na jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari likisema mita 3 kwa saa ile, kina ni mita 5. Tarakimu yenye mstari chini yake ni ya jiwe litokalo maji yakipwa. Siku za bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo mlango uliopitika alfajiri huenda ukafungwa kabla ya adhuhuri.

Umbali upimwe kwa kipimo cha ubavuni mwa ramani, si cha juu wala cha chini: dakika moja ya ubavuni ni maili moja ya bahari, mita 1,852. Mwenye chombo cha setilaiti akumbuke kwamba ramani za zamani zaweza kuhitilafiana nacho kwa mita mia na zaidi, na jabali la uvuvi huenda lisifike upana huo.

Akifika, asitie nanga juu ya jabali lenyewe. Mkondo wa pwani hii huenda kaskazini mwaka mzima, nao huzidi wakati wa kusi. Basi nanga itiwe kusini, chombo kirudi nyuma hadi juu ya jabali. Wakati wa kaskazi upepo hushindana na mkondo, na yafaa kwanza kutazama chombo chaelekea wapi.

Mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyowekwa mwaka 1986 mbele ya Nyali na Bamburi, isomwe pia, kwa kuwa ndani yake uvuvi umekatazwa. Kadhalika mistari ya nyaya za mawasiliano zilizolazwa baharini tangu 2009. Juu yake nanga haitiwi.

Mahali palipotoa samaki paandikwe kwa kalamu ya risasi: mwezi, hali ya maji, kina na aina ya samaki. Na alama za mzee, taa na jengo na mnazi, zichorwe kama mistari miwili juu ya ramani hiyo hiyo, angali hai wa kuulizwa jengo lile ni lipi.