Mbwa, paka na kuku wakati parseli inauzwa

Mwaka tulioamua kuuza nyumba yetu ya Nyakasanza, mnunuzi wa kwanza alifika Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila taarifa. Komisioneri alikuwa amekutana naye njiani akamleta moja kwa moja. Walisukuma lango, na mbwa wetu Bobi akaruka. Hakumng'ata mtu, mnyororo ulimzuia hatua mbili kabla ya suruali ya yule papa. Lakini yule papa hakuiona sebule, hakuliona tangi la maji ya mvua, wala aneksi ya vyumba viwili ambayo ndiyo iliyoipa parseli bei yake. Aliona meno tu. Wiki hiyohiyo nikasikia amenunua Mudzipela.

Tangu hapo nimesaidia jamaa na majirani kuuza, na kila mara nawaambia waanze na wanyama kabla ya kupaka rangi. Mnunuzi wa Bunia hakai sebuleni akasubiri soda. Anazunguka ua mzima, anachungulia shimo la choo, anagonga tangi, anafuata ua wa miti hadi kwenye kona, anauliza maji ya mvua yanatokea wapi. Kila anapopita, mnyama wako alishapita kabla yake na ameacha alama. Alama hizo mgeni huzisoma kabla hujafungua mdomo kutaja bei.

Anza na komisioneri. Yeye analipwa nyumba ikiuzwa, na asubuhi moja anaweza kuwa na parseli nne za kuonyesha, kwa hiyo ana haraka. Mwambie waziwazi: hakuna kuingia bila kupiga simu angalau saa moja kabla, na matembezi yafanyike kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mpe namba yako na ya zamu pia. Kama umewapa kazi makomisioneri watatu, waambie wote watatu maneno hayohayo, maana atakayekosa kuambiwa ndiye atakayekuja alfajiri.

Simu ikilia, mbwa atoke kwenye parseli kabisa. Wengi humfunga nyuma ya jiko wakadhani wamemaliza, na nyuma ya jiko ndiko mnunuzi anakotaka kwenda. Mpeleke kwa jirani au kwa ndugu anayekaa mbali kidogo, kusiwe na kelele za kubweka ukutani wakati mnajadiliana. Anayemtoa awe yule anayempa chakula. Kwetu alikuwa mtoto wa dada yangu, kwa sababu mimi Bobi alinitii akitaka. Mzoezeni safari hiyo wiki nzima kabla ya mgeni wa kwanza, kila siku saa ileile, ugali wake umngoje hukohuko. Siku ya saba atakuwa anatangulia mwenyewe.

Usiku mrudishe. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona familia zikimpeleka mbwa kwa shangazi mwezi mzima ili nyumba ipendeze. Katika kipindi cha kuuza, watu wengi usiowajua wameshaona milango yako, kufuli zako na mahali ulipoweka televisheni. Katika mji wetu, hasa miaka hii, huo si wakati wa kulala bila mbwa.

Nilijifunza jambo jingine siku fundi wa kadastre alipokuja kupima. Kwa miaka mingi tulikuwa tumemfunga Bobi kwenye kona ya chini, karibu na jiwe la mpaka, kwa kuwa pale pana kivuli cha mparachichi. Mbwa aliyefungwa huchimba. Alikuwa amefukua udongo pande zote za jiwe hadi likainama, na mnunuzi aliyekuja na fundi akaniangalia kwa jicho la mtu anayeshuku kwamba mpaka umesogezwa. Hapa Ituri neno mpaka lina uzito wake. Watu wamepoteza mashamba na ndugu kwa ajili yake. Ilibidi nimwite jirani wa upande ule na mkuu wa avenyu waje kusema mbele ya wote kwamba jiwe halijahama. Kwa hiyo tembelea kona zako zote nne mapema. Kama kuku au mbwa wamechimba karibu na jiwe, rudisha udongo, ushindilie, na uhamishe kamba ya mbwa. Jiwe lililoinama usilinyooshe peke yako: mwite jirani aone kabla hujaligusa.

Mbwa awe na karati ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na karati hiyo ikae kwenye bahasha moja na hati za nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa kinachowapata binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kadiri daktari wa mifugo atakavyopanga. Mgeni akikwaruzwa au akiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akapate chanjo. Gharama ni yako. Sheria ya kiraia tuliyorithi tangu dekree ya tarehe 30 Julai 1888 inasema hivyo katika kifungu cha 261: mwenye mnyama hujibu kwa madhara aliyoyaleta, awe chini ya ulinzi wake au awe amemtoroka. Kusema "lakini mbwa alikatika kamba" hakukuokoi.

Sasa viroboto, ambao wauzaji huwasahau kuliko vyote. Familia huhama, mbwa anaondoka nayo, nyumba inafungwa wiki tatu. Mnunuzi anakuja na mkewe, wanaingia chumba kitupu, na ndani ya dakika tano miguu ya mama yule imejaa madoa meusi yanayoruka. Mwenye nyumba anaapa kwamba hapakuwa na viroboto, naye anasema kweli alivyoona yeye. Kiroboto mchanga hujifungia katika kifuko kidogo ndani ya nyufa za sakafu, na humo anaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi. Mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi humwambia kwamba chakula kimefika, akatoka. Nyumba tupu huwalaza. Mnunuzi wako ndiye anayewaamsha.

Dawa yake ni kufanya kazi wakati mbwa bado yupo. Siku moja, yote pamoja: mbwa apakwe dawa ya viroboto, gunia analolalia lichemshwe au lichomwe, nyufa zifagiliwe kwa ufagio mgumu na taka zichomwe nje, kisha sakafu ipulizwe dawa. Rudia baada ya wiki mbili, kwa kuwa dawa haiingii vizuri ndani ya vile vifuko. Soma kibandiko cha kopo: dawa nyingi za kupuliza zina permethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka. Paka akae nje ya chumba hadi sakafu ikauke kabisa, wala usimpake dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Kama mbwa au nguruwe hulala kwenye vumbi la baraza, angalia na funza. Mwagia maji, fagia, na ukiweza piga sima, kwa sababu funza huzaliana kwenye udongo mkavu.

Harufu huwezi kuihukumu mwenyewe. Pua yako imeizoea. Mwite mtu asiyeishi kwako, aje asubuhi mapema baada ya vyumba kufungwa usiku kucha, akuambie ukweli. Afadhali aje siku ya mvua, kwa sababu unyevu huamsha harufu, na mnunuzi makini hurudi mara ya pili mvua ikinyesha ili aone kama bati linavuja. Sakafu ya sima isiyo na vigae hunywa mkojo. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza, mwagia siki iliyochanganywa na maji, suuza tena, fungua madirisha, jua likaushe. Watu hukimbilia javeli. Usiimwage juu ya mkojo ambao haujasuuzwa: amonia iliyomo ikikutana na javeli hutoa gesi inayochoma macho na kifua, na katika chumba kidogo ni hatari kwa mtu anayesugua. Harufu isipotoka baada ya mara tatu, imeingia ndani. Piga chapa nyembamba ya sima mpya kwenye kona hiyo, na mnunuzi akiuliza, mwambie kwa nini.

Paka ni rahisi zaidi, na mara nyingi anakusaidia kuuza. Mama akimwona paka mnene kwenye baraza anajua panya hawachezi juu ya plafoni. Hilo si dogo kwetu: Ituri ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako tauni bado inarudi, hasa upande wa Rethy, na inapita kwa panya na viroboto wao. Ukikuta panya kadhaa wamekufa ghafla ndani ya parseli, usiwashike kwa mkono mtupu wala usimwachie paka. Toa taarifa kituo cha afya, na matembezi ya wanunuzi yasimame kwanza. Choo cha paka kiwe boksi lenye unga wa mbao kutoka kwa maseremala, ubadilishwe kila siku. Usimfungie chumbani wageni wakija, kwa sababu watafungua kila mlango naye atapita katikati ya miguu yao akapotee. Mweke kwenye kikapu chenye mfuniko, na dagaa kidogo wa Tchomia ndani, mbali na njia.

Kuku watolewe jikoni. Najua kwa nini tunawalaza humo, wezi wapo, lakini jiko linalonuka kuku hupunguza bei. Wajengee banda kando, paka chokaa, mwaga majivu chini. Na kama wamezidi kumi, uza baadhi kabla ya kutangaza nyumba. Njiwa ni shida ya bati: kinyesi chao hulila bati, na mvua hukishusha kwenye tangi mnalochotea maji. Mnunuzi akipanda ngazi akaona mifereji imejaa, atajua mlikuwa mnakunywa nini.

Mwambie mnunuzi ukweli kuhusu mahali wanyama walipokaa. Muislamu anayeswali atataka kujua kama mbwa alikuwa akiingia vyumbani, ili aoshe anavyojua yeye. Mama mwenye mtoto wa pumu atauliza kuhusu paka. Jibu lililo wazi halijawahi kuniharibia mauzo. Kilichoniharibia ni mnunuzi kusikia kwa jirani kile nilichokificha mimi.

Kisha kaeni muandike. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yenyewe ni ya Serikali. Unachomwachia mwenzako ni haki yako juu yake, pamoja na majengo. Mbwa, bata na banda la sungura la kubebeka havimo, isipokuwa muandike kwamba vimo. Nimeona ugomvi mkubwa kwa sababu ya bata sita: mnunuzi aliwakuta siku ya kwanza, hakuwakuta siku ya funguo, akasema alilipia kila alichokiona. Mstari mmoja katika hati ya mauzo, wenye majina ya wanaobaki na wanaoondoka, unatosha.

Ukiamua mbwa abaki na mwenye nyumba mpya, mmpe wiki moja ya mpito: mwenye nyumba mpya aje kila jioni, ampe chakula kwa mkono wake wewe ukiwa umesimama pembeni, halafu siku za mwisho usiwepo. Na kama unakwenda naye Uganda, mwone daktari wa mifugo kabla hata hujapokea malipo ya kwanza. Mpakani huulizwa cheti cha afya na chanjo, na kinga ya chanjo huchukua wiki kadhaa kukomaa.

Ukihama naye ndani ya Bunia, usimfungue mapema. Paka akae ndani ya nyumba mpya wiki mbili au tatu, mbwa afungwe au atembezwe kwa kamba muda huohuo, gunia lake la zamani likiwa chini yake bila kufuliwa tena. Sisi tulihamia Bankoko, na siku ya nne nikamhurumia Bobi, nikamfungua. Saa nane mchana mwenye nyumba mpya wa Nyakasanza alinipigia simu. Hakuwa na hasira. Alisema tu: "Papa, mbwa wako amelala mbele ya lango, na watoto wangu wako njiani kutoka shule." Nilimkuta pale pale, kidevu chake kikiwa juu ya jiwe la kizingiti. Nilimvisha kamba, nikamshukuru yule mama, tukarudi kwa miguu kupitia sokoni. Alisimama mara tatu kuangalia nyuma, nami kila mara nikamngoja.