Usiuze Mbuzi Ununue Urea ya Maharage

Familia nyingi za wafugaji wa Monduli, Longido na Simanjiro siku hizi zina shamba karibu na boma. Mvua zikikaribia, mbuzi anapelekwa mnadani na fedha yake inarudi ikiwa mfuko wa urea. Kwa mahindi, sawa, hilo lina hoja. Kwa maharage, kunde, choroko na mbaazi, sehemu kubwa ya fedha hiyo inapotea.

Urea huleta kirutubisho kimoja tu, naitrojeni. Mazao ya mikunde hujipatia naitrojeni kutoka hewani, yakisaidiwa na bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi. Ukiyamwagia urea nyingi, hupunguza vinundu. Unalipia kazi ambayo mmea ungeifanya wenyewe.

Angalia shambani kwako. Maharage yanapoanza kutoa maua, chimba mashina machache kwa jembe. Usiyang'oe kwa mkono, vinundu vitabaki udongoni. Suuza mizizi taratibu. Kinundu cha kweli hubanduka kwa ukucha. Uvimbe usiobanduka huenda ni minyoo fundo, mwonyeshe afisa ugani. Pasua vinundu vichache. Ndani pakiwa pekundu au rangi ya waridi, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi.

Kunde na choroko kwa kawaida huwakuta bakteria wao tayari udongoni. Maharage ni mvivu zaidi katika kazi hii, na hapo ndipo samadi inapohitajika.

Nguvu ya samadi mnaijua. Tazama nyasi zinavyostawi kwenye mahame, hata miaka mingi baada ya boma kuhamishwa. Ila samadi inayoachwa wazi hupungua nguvu: jua huirusha hewani naitrojeni yake, mvua huiosha. Ile harufu kali inayochoma macho ndiyo naitrojeni ikiondoka. Kwa hiyo kusanya samadi wakati wa kiangazi, ilundike kivulini, inyunyizie maji kidogo kama ni kavu sana, kisha ifunike kwa nyasi au turubai kuukuu. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa kikiwa cha moto, lundo bado linaiva. Ligeuze kila baada ya wiki tatu hivi. Baada ya miezi miwili au mitatu kijiti kitatoka baridi, na lundo litanukia udongo. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Majivu usiyachanganye na samadi mbichi, yanafukuza naitrojeni.

Kubeba samadi ni kazi nzito, na mara nyingi huwaangukia akina mama na watoto. Basi msiimwage shamba zima. Weka konzi moja kwenye kila shimo, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Samadi ya mbuzi na kondoo ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Au hamishia zizi la usiku la mbuzi juu ya shamba wakati wa kiangazi, wiki chache kila kipande, wailete samadi kwa miguu yao.

Fosforasi haipatikani hewani. Samadi inayo kiasi. Mbolea ya mawe ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, inayo nyingi, lakini hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa magadi utaona faida ndogo. Pima udongo kabla ya kununua.

Kama umenunua urea kwa ajili ya mahindi, ifungie ndani. Ng'ombe huilamba kama chumvi. Hutetemeka, hutoa povu mdomoni, tumbo hujaa, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Maji yaliyosuuzia mfuko nayo ni sumu. Ukiona dalili hizo, mwite mtaalamu wa mifugo saa hiyo hiyo.

Wakati wa kuvuna, kata mashina kwa mundu na uache mizizi ardhini. Majani ya kunde na maharage yaanike kivulini, yahifadhi juu ya uchanja kwa ajili ya ndama na mbuzi wanaonyonyesha, miezi ambayo malisho yamekwisha. Yakishaliwa, rutuba ya shamba lako imehamia zizini. Irudishe kabla ya msimu ujao.