Ruzuku ya Mbolea na Hesabu Yake

Ruzuku ni fedha ya Serikali inayolipa sehemu ya bei, ili mkulima anunue kwa unafuu. Hapa Kyela, nchi ya mpunga, jambo hili latuhusu sote.

Tangu msimu wa 2008/2009 hadi 2013/2014 Serikali ya Tanzania iligawa vocha kwa wakulima wadogo wa mahindi na mpunga, kila mmoja kwa kiasi cha eka moja. Kamati ya kijiji ilichagua watu. Mwenye vocha alikwenda kwa wakala wa pembejeo, akalipa yapata nusu ya bei ya mbolea na mbegu bora. Iliyobaki ililipwa na vocha.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mfuko wa mbolea ni shilingi 60,000. Mkulima atatoa 30,000. Je, asiye na hizo 30,000 wakati wa kupanda? Vocha haimfai kitu. Basi nusu ya bei humfaa aliye na nusu nyingine. Fukara hubaki nyuma.

Mwaka 2022 ruzuku ya mbolea ilirudi, na wakulima wakatakiwa kujiandikisha kwanza. Lakini sehemu ya mkulima bado ilitoka mfukoni mwake. Wanafunzi, zungumzeni na wazazi: fedha ya mbolea huwekwa siku ya kuuza mpunga, si siku ya kupanda.