Jua Haki Zako: Moshi wa sigara kwenye ploti yenye watoto

SWALI: Sisi ni kina mama wa ploti moja huku Likoni. Milango yetu inatazamana, watoto wanacheza koridoni, na mpangaji mmoja huvutia sigara papo hapo. Akiambiwa, hujibu kuwa yuko kwake na kodi analipa. Tunataka kuandaa mchezo wa kuigiza pamoja na watoto, ujumbe umfikie bila matusi. Je, sheria iko upande wetu?

JIBU: Iko. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inapiga marufuku uvutaji hadharani, na katika sehemu inazozitaja zimo nyumba za makazi wanamotunzwa watoto. Anayevuta palipokatazwa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Katiba nayo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 53 kinatanguliza maslahi ya mtoto. Kulipa kodi hakufuti haki hizo.

Akisema atafungua dirisha, mjibuni kwamba haitoshi. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na moshi huo humzidishia hatari ya nimonia, pumu na maradhi ya masikio.

Mchezo wenu ni wazo zuri, ila zingatieni haya:

1. Msimtaje jirani jina wala kumwigiza hadi watu wamtambue. Mnaweza kushtakiwa kwa kumharibia sifa.

2. Mkitaka kuandamana barabarani na mabango, mpelekeeni mkuu wa kituo cha polisi (OCS) notisi ya maandishi siku 3 hadi 14 kabla.

3. Pateni ridhaa ya mzazi kabla ya kusambaza picha au video ya mtoto kwenye WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watoto.

4. Kampuni ya sigara ikijitolea kuwanunulia fulana, kataeni. Sheria hairuhusu kampuni za tumbaku kujitangaza kwa udhamini.

Mwalikeni pia mwenye ploti na mhudumu wa afya ya jamii. Baada ya mchezo, kaeni na wavutaji mkubaliane wapi watavutia, mbali na milango na mahali watoto wanapochezea, kisha mwenye ploti abandike tangazo la kukataza uvutaji koridoni.

Jirani akishikilia msimamo wake, andikeni tarehe, saa na majina ya mashahidi, kisha mpeleke malalamiko kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Chukueni nakala iliyogongwa muhuri. Kwa ushauri kuhusu mtoto, pigeni 116, bila malipo. Ikibidi kwenda mahakamani, kifungu cha 70 cha Katiba hakiwalazimu kuthibitisha kwamba mtoto ameshaugua.

Msimnyang'anye sigara wala kumfungia maji. Hapo washtakiwa mtakuwa ninyi.