Huduma ya Lugha kwa Wanafunzi wa Shahada za Juu Wanaofanya Utafiti Uwandani: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanajadili huduma ambayo kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa huduma anazostahili kupewa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, yaani huduma ya lugha wakati wa utafiti wa uwandani. Kwa kutumia mfano wa wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, tunaonyesha kwamba hojaji hupitia lugha mbili au tatu kabla ya kumfikia msailiwa, na kwamba kila hatua inaweza kubadili swali. Tunachambua dhana tatu, ambazo ni kaya, hifadhi na ridhaa. Mwisho tunapendekeza hatua ambazo idara za Kiswahili zinaweza kuzichukua bila gharama kubwa.

1.0 Utangulizi

Tunapozungumzia huduma kwa wanafunzi wa shahada za juu, mambo yanayotajwa kwanza ni malazi, maktaba, ufadhili, matibabu na usimamizi wa tasnifu. Haya yote ni muhimu, lakini yote humhudumia mwanafunzi akiwa chuoni. Sehemu kubwa ya tasnifu za sayansi ya jamii, historia, afya, elimu na hifadhi ya mazingira hutegemea miezi ambayo mwanafunzi huishi mbali na chuo. Katika miezi hiyo, aghalabu huduma anayoandamana nayo ni karatasi, yaani kibali na barua ya utambulisho.

Hatudharau karatasi hizo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 na kurithi kazi za Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi la mwaka 1968, ina wajibu wa kuratibu utafiti nchini. Vyuo navyo huwaandikia wanafunzi wao barua kwa viongozi wa mkoa na wilaya, na kutoka hapo mwanafunzi huteremka hadi kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Anayetaka kufanya kazi ndani ya Eneo la Hifadhi la Ngorongoro huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya eneo hilo. Ngazi hizi zote zinajibu swali la nani amemruhusu mwanafunzi kuuliza. Hazijibu swali la atauliza kwa lugha gani, na je, atakachouliza ndicho kitakachosikika?

Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo la pili ni swali la huduma, si la juhudi ya mwanafunzi peke yake, na kwamba idara za Kiswahili ndizo zenye ujuzi wa kulishughulikia.

2.0 Mazingira ya Lugha ya Karatu na Ngorongoro

Kuna sababu ya kuichagua sehemu hii. Wilaya ya Karatu, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbulu katika miaka ya 1990, ilikuwa na watu 230,166 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012. Wilaya ya Ngorongoro ilikuwa na watu 174,278. Katika wilaya hizi mbili na bonde la Ziwa Eyasi zinakutana lugha zisizo na undugu wa karibu. Kiiraqw, ambacho ni lugha ya wakazi wengi wa Karatu, ni lugha ya Kikushi. Kimaasai na Kidatooga ni lugha za Kiniloti. Kisonjo, kinachozungumzwa katika Wilaya ya Ngorongoro na watu wanaojiita Watemi, ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Kihadza, lugha ya watu wanaokadiriwa kuwa zaidi kidogo ya elfu moja, Greenberg (1963) alikiweka katika kundi la Khoisan, lakini wanaisimu wengi sasa hukiona kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana.

Sehemu hii pia ni miongoni mwa zile zilizotafitiwa sana nchini. Ugunduzi wa fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai mwaka 1959 na wa nyayo za Laetoli mwishoni mwa miaka ya 1970 uliwavutia wanaakiolojia. Woodburn alianza utafiti wake miongoni mwa Wahadza mwishoni mwa miaka ya 1950. Homewood na Rodgers (1991) walichunguza ikolojia ya ufugaji wa Wamaasai wa Ngorongoro, nao Shivji na Kapinga (1998) wakachambua haki zao kisheria. Kwa upande wa isimu, sarufi ya Kiiraqw iliyoandikwa na Mous ilichapishwa mwaka 1993. Kwa hiyo mwanafunzi anayefika leo hawi wa kwanza. Anawakuta watu waliokwisha kuulizwa maswali mara nyingi, na ambao wana maoni yao kuhusu wanaouliza.

Jambo ambalo mwanafunzi huwa hajaliandaa ni safari ya hojaji yake. Pendekezo la utafiti limeandikwa kwa Kiingereza na hojaji vivyo hivyo. Mwanafunzi huitafsiri kwa Kiswahili mwenyewe, pengine usiku wa kuamkia safari. Akishafika, kijana wa kijijini aliyemaliza shule huifasiri papo hapo kwa Kiiraqw au Kimaasai, na majibu hurudi kwa njia ileile. Katika tasnifu, safari hii yote hufupishwa kuwa sentensi moja inayosema kwamba mahojiano yalifanywa kwa msaada wa mkalimani.

3.0 Dhana Tatu

3.1 Kaya

Kaya ni kipimo cha msingi katika tafiti nyingi za uchumi na afya. Katika Kiswahili cha sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika mahitaji ya maisha. Tuangalie yanayotokea neno hili linapoingia katika Kimaasai. Makazi yaliyozungushiwa ua, ambayo Kiswahili huyaita boma, huitwa enkang. Ndani ya enkang moja wanaweza kuwamo wanaume kadhaa wenye familia na mifugo yao, na kila familia ya namna hiyo huitwa olmarei. Ndani ya olmarei moja, kila mke huwa na nyumba yake, enkaji, anamolea watoto wake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa boma lenye olmarei nne, na kila olmarei ina nyumba tatu. Mkalimani aliyefasiri kaya kuwa enkang atahesabu kaya moja. Aliyefasiri kuwa olmarei atahesabu kaya nne, na aliyefasiri kuwa enkaji atahesabu kumi na mbili. Hakuna aliyekosea katika Kimaasai, lakini wastani wa mifugo kwa kaya utatofautiana mara kumi na mbili kati ya tasnifu na tasnifu. Endapo takwimu hizo zitatumiwa kupanga mgawo wa chakula wakati wa ukame, tofauti hiyo itageuka kuwa njaa kwa baadhi ya watu.

Aidha, kuna suala la jinsia ya kisarufi. Maneno ya Kiswahili mkuu wa kaya na mwenye mifugo hayabainishi mume wala mke. Nomino za Kimaasai kwa kawaida huchukua kiambishi cha kiume, ol-, au cha kike, en-. Mkalimani hana budi kuchagua. Akichagua cha kiume, swali lililokusudiwa kuwa wazi kwa wote linakuwa limekwisha kujibiwa nusu kabla msailiwa hajafungua kinywa. Mwanafunzi anayechunguza haki za wanawake katika maziwa na mifugo hawezi kulipuuza jambo hili.

3.2 Hifadhi

Neno hifadhi lina maana ya jumla ya kutunza kitu kisiharibike. Hata hivyo, katika utawala wa ardhi neno hilohilo hutajwa katika Hifadhi ya Taifa, ambamo watu hawaruhusiwi kuishi, na katika Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, lenye takribani kilometa za mraba 8,300, ambalo liliundwa mwaka 1959 kwa msingi wa wanyamapori na wafugaji kukaa pamoja. Katika mazungumzo ya kila siku, Hifadhi pia ni chombo, yaani Mamlaka na watumishi wake.

Basi mwanafunzi akiuliza, “Je, unaunga mkono hifadhi?” anaulizwa nini msailiwa? Anaweza kuwa ameulizwa kuhusu utunzaji wa misitu na maji, kuhusu sheria ya eneo, au kuhusu mwenendo wa askari. Tangu mwaka 2022, Serikali ilipoanza mpango wa kuwahamishia baadhi ya wakazi Msomera, wilayani Handeni, mpango uliozua mabishano makubwa, swali hilo linaweza kusikika pia kama kuuliza kama mtu yuko tayari kuhama. Jibu la “hapana” likiingizwa katika jedwali kama dalili ya kutojali mazingira, mtafiti atakuwa amemsingizia msailiwa jambo ambalo hakulisema.

3.3 Ridhaa

Kanuni za maadili zinamtaka mtafiti apate ridhaa ya msailiwa baada ya kumweleza madhumuni ya utafiti. Neno lenyewe ni la Kiswahili cha maandishi, na uwandani hugeuzwa kuwa kukubali. Lakini kukubali ni kupokea ombi, ni kuafikiana na kauli, na tena ni kukiri kosa. Anayeambiwa atie saini au dole gumba kwamba amekubali ana haki ya kuuliza amekubali lipi. Mahali penye mgogoro wa ardhi, karatasi yenye majina na saini si kitu chepesi.

Hata maneno tunayoyaona kuwa ya kawaida katika mbinu za utafiti yana historia yake mitaani. Polisi nao humhoji mtuhumiwa. Raia mwema hutoa taarifa kituoni. Kwa hiyo mtafiti anayejitambulisha kwa kusema kwamba amekuja kuwahoji wananchi ili wampe taarifa ametumia istilahi sahihi za kitaaluma, lakini amejivika sare asiyokuwa nayo. Mazungumzo, maelezo na kujifunza ni maneno yanayoeleza kazi yake kwa uaminifu zaidi.

4.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na kinaeleweka kote, hivyo tatizo halipo. Ni kweli kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, na kwamba kinasikika gulioni Karatu kama kinavyosikika Arusha mjini. Lakini kununua na kuuza kwa lugha fulani si sawa na kueleza ugonjwa wa mtoto au mipaka ya malisho kwa lugha hiyo. Wanaoachwa nje na mahojiano ya Kiswahili pekee ni wale ambao hawakusoma, na miongoni mwao wamo wazee na wanawake, ambao mara nyingi ndio wenye maarifa yanayotafutwa. Kukikubalia Kiswahili nafasi ya daraja hakukipunguzii hadhi, maana daraja hupimwa kwa jinsi linavyofika ng'ambo zote mbili.

Pingamizi la pili ni kwamba jukumu hili ni la msimamizi wa tasnifu. Msimamizi wa ikolojia au uchumi anaijua fani yake, lakini si haki kumtaka ajue viambishi vya Kimaasai. Kama chuo kinavyompatia mwanafunzi mshauri wa takwimu, ndivyo kinavyopaswa kumpatia mshauri wa lugha.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, kila idara ya Kiswahili ianzishe dawati la hojaji, ambapo mwanafunzi wa fani yoyote ataleta maswali yake kabla ya kusafiri. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wa uzamili wa tafsiri kama sehemu ya mazoezi yao, chini ya mwalimu. Vyuo visivyo na idara hiyo, kama Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, vinaweza kushirikiana na vilivyo nayo.

Pili, hojaji ijaribiwe kwa kurejeshwa. Mtu mmoja aifasiri kutoka Kiswahili hadi Kiiraqw, na mwingine ambaye hajaiona ya awali airudishe katika Kiswahili. Pale ambapo matini mbili za Kiswahili zinatofautiana, swali liandikwe upya.

Tatu, wanafunzi wanaorejea wakabidhi orodha ya maneno yaliyowasumbua na jinsi walivyoyatatua. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapisha atlasi ya lugha mwaka 2009, umeonyesha kwamba kazi ya pamoja ya namna hii inawezekana. Faharasa ya Karatu na Ngorongoro ingemwokolea kila anayefuata wiki kadhaa za kubahatisha.

Nne, mkalimani atambuliwe kuwa mshiriki wa utafiti. Apewe mafunzo mafupi na malipo yaliyomo katika bajeti, na tasnifu ieleze anazungumza lugha zipi na alifasiri vipi dhana kuu.

Tano, mwanafunzi arudishe muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, kurasa mbili au tatu, kwenye ofisi ya kijiji, na usomwe mkutanoni. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa maktabani haiwezi kusahihishwa na watu inaowaeleza.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lugha ni sehemu ya vifaa vya utafiti, kama vilivyo mizani na ramani, na kwamba kifaa kisichopimwa huharibu kazi yote. Karatu na Ngorongoro zinalidhihirisha jambo hili kwa uwazi kwa sababu ya wingi wa lugha zake na uzito wa maamuzi yanayofanywa kuhusu ardhi na watu wake. Ni matarajio yetu kwamba watafiti wengine watachunguza dhana nyingine, kama vile ukoo, umaskini na ugonjwa, katika sehemu hii na nyinginezo, ili mwanafunzi atakayefuata aende uwandani akiwa na kitu zaidi ya barua.