Maradhi ya Kisukari: Kujitibu Hakupingani na Kutawakali



Mwenzetu mmoja wa darasa hili alishikwa na kiu isiyokatika, akawa aamka usiku mara nne na tano kwenda haja ndogo. Alipopimwa damu aliambiwa ana kisukari. Tangu siku hiyo kila aliyemzuru alimwachia neno lake. Huyu alimwambia ni jicho la watu. Yule alimwambia ni kadari, asubiri tu. Wa tatu alimletea kombe na chupa ya asali, akamwonya kuwa vidonge vya hospitali ni sumu. Naye, kwa kuona haya, aliwaficha watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo tumeona yapasa mas'ala haya yawe somo letu.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Chakula tulacho, hasa cha wanga na cha utamu, hugeuka sukari ndani ya damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo iwezeshayo sukari hiyo kutoka katika damu na kuingia mwilini ikawa nguvu. Wako ambao insulini yao hukatika, aghlabu watoto na vijana. Hao hawawezi kuishi pasipo sindano za insulini. Walio wengi ni watu wazima ambao insulini wanayo, ila haitoshi, au mwili hauitii. Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula, ikapatikana sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, basi ana kisukari. Akiyapuuza, kwa muda wa miaka huharibika macho, mafigo, moyo na miguu.

Wala haya si maradhi yaliyozuka jana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika al-Qanun. Lililo jipya ni dawa. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Na Januari 1922 alidungwa mtoto aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa akikaribia kufa. Akaishi miaka 13 zaidi. Je, neema hii si ya Mwenyezi Mungu, hata ikiwa imepitia mikononi mwa wasiokuwa Waislamu?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaamuru watu wajitibu. Basi asemaye kuwa kumeza dawa ni upungufu wa imani hakuufahamu mwenendo wake. Dua ni ibada, wala hatumkatazi mgonjwa kumwomba Mola wake usiku na mchana. Tunalolikataa ni kuifanya karatasi iliyoroweshwa kuwa badali ya tabibu. Na asali, ijapokuwa Qurani imeitaja kuwa ina ponyo, haikusemwa kuwa ni ponyo la kila maradhi kwa kila mtu. Asali huipandisha sukari ya damu, na tende vilevile. Kuzifakamia kwa jina la Sunna si Sunna.

Ama chakula, shida yetu watu wa pwani yajulikana. Asubuhi ni mahamri na chai ya sukari nyingi, mchana ni sinia la wali, jioni ni vitumbua. Na arusini ni biriani, halwa na shurbati. Mgonjwa hakuambiwa afe njaa. Apunguze wali na mkate, azidishe mboga na samaki, anywe maji badala ya soda, na atembee nusu saa siku nyingi za juma. Na mwenyeji asimwapize mgonjwa ale. Huo si ukarimu, ni kumdhuru.

Jambo jingine ni miguu. Kisukari huua hisia za nyayo, mtu akachomwa na mwiba asijue, kidonda kikaoza. Mwenye kusali huosha miguu yake mara kadha kwa siku. Basi atawadhapo aitazame, nyayo na baina ya vidole, kisha aikaushe vyema. Akiona jeraha asingoje lipone lenyewe.

Ikabaki Ramadhani. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula, akalipa siku nyingine. Na asiyetarajia kupona hadi aweze kufunga, hutoa fidia kwa kulisha maskini. Kwa hiyo mgonjwa aonane na tabibu kabla ya mwezi kuandama. Akiruhusiwa kufunga, apime damu mchana. Na sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, afungue pale pale, hata ikiwa imesalia robo saa adhani ya magharibi. Na sindano ya dawa isiyo chakula haifunguzi. Ndivyo walivyokata wanavyuoni wa Majmaa ya Fiq-hi mjini Jidda mwaka 1997. Anayejiangamiza ili aonekane amefunga hakumtii Mungu, amewatii majirani.

Mwenzetu tulimwendea, tukamsomea haya. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mkewe, akamwambia. Mkewe akajibu kuwa alikuwa akijua tangu zamani kuwa pana jambo, ila hakujua ampikie nini. Tangu hapo vidonge vimo kabatini mbele ya macho ya wote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya, na atupe sote akili ya kuitumia ruhusa yake. Amin.